Mzigo wavuka mpaka, mwenye mzigo abaki Mwaloni

*Wachuuzi wa dagaa wa Kirumba wanalisha soko la nchi jirani bila majina yao kuonekana kwenye karatasi yoyote. Chemba ya biashara inaweza kulibadili hilo, ikikubali kushuka sokoni.*

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Kunapokucha katika Soko la Kimataifa la Samaki la Mwaloni, Kirumba, boti kutoka Ukerewe, Kome na Goziba huwa zimekwisha kutia nanga. Wapagazi wanapishana na magunia mabegani. Wanawake wameketi kando ya mirundo ya dagaa, wanapepeta mchanga na kutenganisha: hawa weupe ni wa kuliwa, wale waliovunjika na kuchanganyika na udongo watauzwa kwa wasaga chakula cha kuku.

Nje yamejipanga malori. Mengine yanaelekea Dodoma, Mbeya na Dar es Salaam. Mengine yatakwenda magharibi, yapite Rusumo au Kabanga, yaingie Rwanda na Burundi, na mzigo wake uishie mashariki ya Kongo, ambako dagaa na kayabo (samaki waliokaushwa kwa chumvi) wa Ziwa Victoria ni kitoweo cha kila siku.

Biashara yenyewe haichukui muda. Dalali anataja bei, mnunuzi anapunguza, fedha zinahesabiwa, magunia yanapanda. Mama aliyewachambua dagaa wale anafunga pochi yake na kurudi kwenye mrundo unaofuata.

Kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi kina jina la mnunuzi. Cheti kinachoeleza kwamba mali imetoka Tanzania nacho kina jina lake. Mama yule anaweza kumwuzia mtu mmoja kwa miaka mingi asijue duka lililopo Bukavu au Uvira linalopokea mzigo wake, wala bei ya gunia likifika huko. Mnunuzi akihamia mwalo mwingine, yeye anaanza upya kutafuta mteja.

Kilomita chache kutoka Mwaloni, katikati ya jiji, kuna taasisi iliyoundwa kwa ajili ya tatizo la namna hii. Ni TCCIA, Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo Tanzania, tawi la Mkoa wa Mwanza. Kwa mchuuzi wa Kirumba, hata hivyo, ofisi ile iko mbali kuliko Kongo.

Karatasi yenye thamani ya mtaji

Kazi ya chemba inayogusa fedha moja kwa moja ni kutoa vyeti vya uasili wa bidhaa. Ni karatasi inayothibitisha kwamba mali imezalishwa nchini. Mwenye nayo, akiingiza bidhaa kwenye nchi iliyo katika makubaliano ya kibiashara na Tanzania, anadai haki ya kutotozwa ushuru wa forodha au kutozwa uliopunguzwa. Asiyekuwa nayo hutozwa kama mgeni.

Tofauti hiyo, kwa lori zima la dagaa, ndiyo faida yenyewe.

Wadogo wamewekewa njia yao. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na bidhaa yake ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, anapata cheti kilichorahisishwa palepale mpakani. Njia hiyo inamfaa anayevuka na magunia machache. Akina mama wakiunganisha mali zao ili wapakie lori, thamani inapita kiwango hicho na wanahitaji cheti kamili. Hapo ndipo chemba inapoingia.

Na cheti hakiji peke yake. Kinataka namba ya mlipakodi, leseni, kibali cha mazao ya uvuvi, malipo ya mrabaha, cheti cha afya ya mazao. Kila kimoja kina dirisha lake na ofisa wake. Mfanyabiashara mkubwa ana wakala wa forodha anayezijua ofisi hizo zote. Mchuuzi anamtegemea dalali, naye dalali ana masilahi yake.

Dalali si adui. Ndiye anayempokelea mvuvi wa kisiwani mzigo wake, anamtafutia mnunuzi, na mara nyingine anampa mtaji wa mafuta na nyavu kabla dagaa hawajavuliwa. Sokoni wanaaminiana kwa mali kauli: chukua mzigo leo, ulete fedha ukishauza. Bila watu hawa Mwaloni isingesimama. Lakini dalali analipwa kwa kujua asichokijua muuzaji. Hatuwezi kutegemea kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemfundisha muuzaji njia ya kufika sokoni bila yeye.

> Dalali analipwa kwa kujua asichokijua muuzaji.

Miaka ya walanguzi

Ili kuelewa kwa nini wafanyabiashara wadogo wa Tanzania wanasitasita kuingia katika chombo chenye jina kubwa, ni lazima kurudi nyuma.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, biashara kubwa ziliwekwa mikononi mwa umma. Usambazaji wa bidhaa mikoani ukawa kazi ya makampuni ya biashara ya mikoa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili nafasi yake ichukuliwe na ya ushirika. Bidhaa ziliadimika, na operesheni ikalegezwa.

Mwaka 1983, wakati Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilitangazwa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sabuni, sukari na vitenge vilikutwa vimefichwa, na walioshikwa wakaitwa walanguzi. Wapo waliostahili, kwani uhaba ule kweli ulinufaisha watu wachache. Lakini jina lile liliwaangukia hata wenye vibanda vya kujikimu. Mwaka huohuo sheria ya Nguvu Kazi iliwafanya wachuuzi wa mijini wakamatwe na kurudishwa mashambani.

Upepo uligeuka haraka. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Mwaka 1986 serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1988 ikaanzishwa TCCIA, kwa msaada wa Sweden, ili wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima wawe na chombo chao cha kuzungumza na serikali. Kutoka kuitwa mlanguzi hadi kualikwa mezani ilikuwa miaka mitano tu.

Chemba ilisambaa mikoani na wilayani, jambo ambalo vyombo vingi vya wafanyabiashara havijaliweza mpaka leo. Mwaka 1999 ilizaa kampuni ya uwekezaji, TCCIA Investment, ambayo iliuza hisa kwa wananchi na mwaka 2018 ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hayo ni mafanikio ya kweli, na wanaobeza chemba mara nyingi huyasahau.

Nani anamsemea mchuuzi?

Hata hivyo malalamiko sokoni yana uzito. Mchuuzi anauliza: nikilipa ada ya mwaka, kesho nitapata nini? Mikutano hufanyika saa za kazi, kwenye kumbi za hoteli, na mwenye meza ya dagaa akiondoka saa hizo mali yake haiuziki. Taarifa hutumwa kwa barua pepe. Nafasi za safari za kibiashara nje ya nchi huishia kwa wenye uwezo wa kujilipia nauli. Ndiyo maana chemba imepewa sura ya chama cha wakubwa.

Upande wa chemba nao una hoja. Uanachama wake ni wa hiari. Haipokei mtu kwa nguvu, na hakuna kodi inayokatwa kwa ajili yake. Ujerumani sheria inamlazimisha kila mwenye biashara ya aina fulani kuwa mwanachama wa chemba ya eneo lake, na wenye kipato kidogo husamehewa ada. Ufaransa, ambako mji wa Marseille ulianzisha chemba yake mwaka 1599, chemba ni taasisi za umma zinazopata fungu la kodi. Kwa hiyo ofisi zao zina wataalamu wa kumhudumia hata mwenye duka la viatu. Ofisi ya mkoa nchini kwetu inaendeshwa kwa ada za wanachama, mapato ya vyeti na miradi ya wafadhili. Mradi ukiisha, mafunzo nayo yanaisha.

Sioni kama dawa ni kulazimisha watu. Mfanyabiashara wa Tanzania ana tozo za kutosha, na chombo kinachoingia kwa jina la kumtetea kisianze kwa kumkata. Lakini hiari ina gharama yake: chemba itamsikiliza zaidi anayelipa zaidi, labda viongozi wake wajizuie kwa makusudi.

Pengo hilo limejazwa na wengine. VIBINDO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1995 kuwaunganisha wenye biashara zisizo rasmi. Chemba ya Wafanyabiashara Wanawake, TWCC, ilianza mwaka 2005. Machinga wana shirikisho lao, SHIUMA. Wenye maduka wana Jumuiya ya Wafanyabiashara. Kila kimoja kina sababu ya kuwapo, lakini mama wa Mwaloni ni mwanamke, ni mchuuzi, ni muuza mazao ya uvuvi na ni msafirishaji mtarajiwa, kwa hiyo kila chombo kinaweza kusema yeye ni wa mwenzake.

Mei 2023 nchi iliona kinachotokea mazungumzo yanapokwama. Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia ukusanyaji wa kodi na kusumbuliwa kuhusu stoo na risiti. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilazimika kwenda kuwasikiliza katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Kariakoo ikifunga, mikoa inatikisika kwa sababu wachuuzi wa nchi nzima, na wa nchi jirani, wananunua pale.

Chombo cha kuzuia hali hiyo kipo. Chini ya Baraza la Taifa la Biashara, lililoundwa mwaka 2001 na kuongozwa na Rais, kuna mabaraza ya mikoa na wilaya. Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya ndio wenyeviti, na TCCIA ni mhimili wa upande wa sekta binafsi. Ushuru wa mwalo, choo cha soko, taa, mizani, barabara ya kuingilia: yote hayo yanaweza kumalizwa kwenye kikao cha baraza la wilaya iwapo tu kuna mtu wa kuyafikisha pale akiwa na maelezo kamili.

> Ushuru, choo, taa na mizani vinaweza kumalizwa kwenye kikao cha baraza la wilaya, akiwapo wa kuvifikisha.

Pakiti isiyo na alama

Kuna kundi la pili la wanawake Mwanza ambao hawauzi kwa gunia. Hawa wananunua dagaa waliokaushwa kwenye vichanja, mbali na mchanga, wanawaosha, wanawakaanga au kuwatia viungo, wanawafunga kwenye pakiti. Hao ndio wanaoweza kupata faida kubwa zaidi kwa kila kilo, na ndio wanaokwama mapema zaidi.

Duka kubwa la kujihudumia haliweki rafuni pakiti isiyo na alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango. Wala haliipokei isiyo na msimbo wa mistari, kwa sababu mashine ya malipo haiisomi. Kwa miaka mingi Watanzania walichukua misimbo ya nchi nyingine, na asali ya Tabora au mvinyo wa Dodoma ulibeba namba iliyosajiliwa kwingine. Tangu Tanzania ipate namba yake, 620, bidhaa inaweza kubeba msimbo uliosajiliwa hapa nchini.

Njia za kuvuka vikwazo hivi zipo, lakini zimetawanyika. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanza mwaka 1973, linatoa mafunzo ya usindikaji na ufungashaji na barua ya utambulisho. Mjasiriamali aliyetambuliwa na SIDO anapimiwa bidhaa na kupewa alama ya TBS bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Tangu Julai 2019 usimamizi wa chakula umehamia TBS kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, kwa hiyo milango miwili imekuwa mmoja. Jina la biashara linasajiliwa kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa njia ya mtandao.

Ukimweleza hayo mwanamke wa Igoma, jijini Mwanza, anayekaanga dagaa nyuma ya nyumba, mara nyingi hajawahi kusikia kuhusu ile miaka mitatu isiyolipiwa. Anachojua ni kwamba TBS ni watu wa kukamata. Huu ni mfano kamili wa kazi ya chemba. Haihitaji kujenga maabara wala kuandika sheria mpya. Inahitaji kumshika mtu mkono kutoka SIDO hadi TBS hadi kwenye msimbo, kisha kumkutanisha na meneja wa manunuzi wa duka ambalo pengine tayari ni mwanachama wake.

TCCIA Mwanza imeonyesha kwamba kukutanisha watu inakuweza. Ndiyo inayoandaa Maonesho ya Biashara ya Afrika Mashariki jijini humo, yanayoleta waoneshaji kutoka nchi jirani. Maonesho ni jambo jema. Tatizo ni kinachofuata: mahema yakishang'olewa, namba za simu zilizobadilishwa pale hazina anayezifuatilia. Chemba ikihesabu waliotembelea mabanda pekee, haijui ni mikataba mingapi ilizaliwa na ni mingapi iliyovunjika, wala kwa sababu gani.

Mtaji unaonyonya

Mnunuzi akipatikana, bado kuna swali la mtaji. Anayekosa mkopo wa benki kwa sababu hana hati ya nyumba huangukia kausha damu, mikopo ya mitaani ya riba kali inayodaiwa kila siku au kila wiki. Wanawake wamepoteza vyombo vya ndani na heshima kwa mikopo hiyo. VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopeshana, vinasaidia, ila fedha zake ni ndogo kwa lori la dagaa. Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, lakini inataka kikundi kilichosajiliwa na andiko la biashara. Mkataba wa mauzo na cheti chenye jina la kikundi vingempa ofisa wa mikopo kitu cha kushika.

Daraja limefunguka, taarifa hazijavuka

Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, juu ya Ghuba ya Mwanza. Malori yaliyokuwa yakisubiri kivuko sasa yanapita moja kwa moja kuelekea Geita na mipaka ya magharibi. Kwa mzigo unaoharibika kwa unyevu, na kwa dereva anayelipwa kwa safari, hiyo ni nafuu kubwa.

Lakini upande wa pili wa mpaka mambo ni mengine. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Januari 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na Bukavu ukafuata Februari. Benki zilifungwa Goma, wanunuzi wakakosa namna ya kutuma fedha. Huku Mwaloni mwenye mzigo anaona tu kwamba wateja wamepungua na bei imeshuka, na anaamua kuuza kwa hasara au kungoja bila taarifa ya kumwongoza.

Chemba ina wenzake. Kongo kuna FEC, shirikisho la wafanyabiashara la nchi nzima. Arusha lipo Baraza la Biashara la Afrika Mashariki. Ujumbe mfupi wa simu kwa wauzaji wa Kirumba, ukisema njia gani inapitika na mnunuzi gani ametambuliwa na chemba ya kwao, ungeokoa mitaji.

Huku nyumbani, Julai 2025 serikali ilitoa agizo la kuzuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, ikiwamo kununua mazao shambani. Lengo la kumlinda mzawa linaeleweka. Ila marufuku inamwondoa tu mgeni kwenye shamba la mwenyeji, haimfikishi mwenyeji kwenye soko la mgeni. Kazi hiyo ya pili inabaki kwa vyombo kama chemba.

Dawati liwekwe Mwaloni

Kinachohitajika si kikubwa. TCCIA Mwanza iweke dawati Mwaloni, hata kwa siku mbili za juma, hasa katika siku za giza la mwezi ambapo wavuvi wako majini na soko limejaa. Wakati wa mbalamwezi, boti za dagaa zinapopumzika, siku hizo zitumike kwa mafunzo, kwa kuwa ndipo watu wana nafasi. Ipokee vikundi kama mwanachama mmoja, ili akina mama 20 wagawane ada ambayo mmoja haimudu. Cheti kitoke kwa jina la kikundi. Ajenda za soko zifikishwe kwenye Baraza la Biashara la Wilaya ya Ilemela, soko lilipo, na majibu yabandikwe sokoni kwa Kiswahili.

Manispaa ya Ilemela inakusanya ushuru Mwaloni kila siku. Chumba kimoja kwa ajili ya dawati hilo hakiwezi kuishinda.

Na akina mama wa Mwaloni, msisubiri kufuatwa. Chagueni watatu kutoka kwenye VICOBA vyenu, waende ofisi ya chemba wakiwa na majina ya wanakikundi, aina ya mali na kiasi mnachoweza kutoa kwa mwezi. Waulize masharti ya cheti cha uasili, na waombe majibu kwa maandishi.